Njia Nane Kutoka Paji Hadi Kisogo

Jina lake kamili ni Bi Vidole binti Mtengeneza Saa, mjukuu wa Mkunga Mkali, kitukuu wa yule bibi ambaye jina lake limepotea lakini tendo lake halijapotea, maana ndiye aliyerudisha zawadi za tajiri na kuzimwaga kizingitini kwake kwa sababu aliyezileta hakubisha hodi.

Huo ndio ukoo. Matendo yake mwenyewe ni haya. Alimsuka bibi harusi mwenye homa akiwa amelala ubavu, upande mmoja kwanza, akageuzwa kama godoro, kisha upande wa pili, na walioziona picha hawakujua lolote. Alimsuka mama mkwe wake siku aliyofariki, akasema mwanamke huyu amenitukana miaka yote lakini haendi huko aendako na nywele timutimu, watu wakadhani hakuwa na mkwe. Alimwambia mke wa mkubwa wa mji akae foleni kama wengine. Yule mama akasusa, akaondoka, na kesho yake akarudi akakaa foleni. Na alisuka vichwa vya wasichana wa shule ya bweni iliyo juu ya barabara kuu, kila Jumamosi, tangu shule ilipoacha kuwanyoa hadi siku aliyopewa kipaza sauti mbele ya wazazi. Hilo la mwisho ndilo linalosimuliwa hapa. Asiyependa hasira aishie hapa hapa, kwa kuwa mbele hakuna upole mwingi.

Chumba chake cha kusukia kilikuwa kile cha mbele, chenye mlango unaotazama barabara. Kulikuwa na viti viwili vifupi, kochi lililokatika mgongo la wanaosubiri, kioo kikubwa kilichoshikwa ukutani na misumari iliyopinda, kopo la mafuta, machanuo ya mbao, na vitana vya mkia vimechomekwa kwenye bilauri kama maua. Kiti cha pili kilikuwa cha wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa akishawashwa hazimwi. Redio alijua nani kahama, nani kahamiwa, nani kamnunia nani na kwa nini, na hakusahau hata neno moja la mtu. Kusuka alisuka, mistari yake ilinyooka, hakuna wa kumlaumu, lakini ukishageuka hukumbuki ulikuwa unatazama nini. Mwenyewe alikiri bila aibu. Alisema wifi yake anasuka, yeye anafunga nywele zisimwagike. Walitaniana tangu kufagia hadi kufunga, na mteja akithubutu kumdharau mmoja, walisimama wote wawili.

Shule ile zamani ilinyoa. Mtoto aliingia getini na nywele, akatoka ofisini kama yai. Kisha akaja Mwalimu Mkuu mwanamke, ambaye wasichana walimbatiza jina la Pasi, kwa kuwa alinyoosha kila kilichopita mbele yake: mashuka, soksi, foleni ya maji, hata namna ya kukohoa darasani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ndiye aliyesema watoto wasinyolewe tena, wasukwe. Lakini aliruhusu kama mtu anavyomruhusu mbuzi kula, kamba shingoni. Njia nane, si saba wala tisa. Nyoofu, kutoka paji hadi kisogo. Uzi marufuku, ushanga marufuku, rasta marufuku, hakuna kona, hakuna njia ya kupindia sikioni, na ncha zote zifichwe. Kila Jumapili matroni alipita kwenye mabweni na kijiti, akipima upana wa njia kama mtu anayepima mbao.

Mtindo ule una jina lake kwa wanawake. Unaitwa twende kilioni. Ndio unaosukwa upesi upesi habari mbaya ikishafika na gari linapiga honi nje. Na Bi Vidole alikuwa na mikono iliyokwisha kusuka konokono utosini, na utando wa buibui, na mawimbi yanayotoka masikioni yakakutana kisogoni, na kichwa kimoja chenye barabara iliyozunguka mara nyingi hata mwenye kichwa akasema anasikia kizunguzungu. Sasa akaambiwa asuke kilio, mtoto mmoja baada ya mwingine, bweni baada ya bweni. Jumamosi ya kwanza alirudi akakaa kwenye kochi la wateja bila kuvua viatu. Redio akamwuliza kulikuwaje huko. Akajibu kwamba ameshinda anapiga mistari kwenye daftari za watu.

Lakini alirudi Jumamosi ya pili, na ya tatu, kwa kuwa vichwa ni vichwa, na mtoto aliye mbali na mama yake anahitaji mkono wa mtu mzima kichwani, hata kama mkono huo umefungwa.

Ilianza kwa kuchoka, wala si kwa ujanja. Anayesuka anajua, na asiyesuka aelezwe: mafungu matatu ya nywele ukiyapishanisha kwa chini, msuko unasimama kama tuta, ukiyapishanisha kwa juu, msuko unalala na kuzama. Kwa mbali, kwenye nywele fupi zilizokazwa na kupakwa mafuta, unaona mistari tu. Tofauti iko kwenye kidole. Basi siku moja, katikati ya kichwa cha mtoto mgeni aliyekuwa analia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye sketi, mkono wa Bi Vidole ulichoka kupita chini ukapita juu. Mtoto akainua kidole kupapasa, kama watoto wanavyofanya.

“Bibi, hii mbona imelala?”

“Imechoka. Iache ilale.”

Mtoto alipapasa tena, akafuata ile njia iliyolala mpaka kisogoni, na kilio kikakatika. Matroni akapita na kijiti chake. Njia nane. Nyoofu. Akaenda zake.

Tangu siku hiyo Bi Vidole hakusuka tena vichwa viwili sawa. Njia zilikuwa nane, zilinyooka, lakini ipi isimame na ipi ilale, hiyo ilikuwa siri yake na mwenye kichwa. Mtoto mkubwa katika nyumba yenye wadogo wengi alisukwa matuta mawili ya pembeni na njia sita zilizolala katikati, akaambiwa huo ni ukuta wa ua, na ndani ya ua wadogo zake wamelala salama. Pacha mmoja alisukwa kinyume cha mwenzake, palipolala huku pamesimama kule, ili wakiegemezana vichwa waingiane kama meno ya zipu. Mwenye kicheko cha ovyo alipata njia moja inayosimama, inalala, inasimama tena, kama mtu aliyebanwa na kicheko kanisani au msikitini. Wanaoogopa usiku aliwasukia mlango: nne za kati zimesimama zimebanana, komeo limetiwa. Wakishalala kitandani walipitisha kidole wakahakikisha umefungwa.

Na kulikuwa na binti wa fundi baiskeli, aliyefika shuleni na sanduku la kuazima na kidevu kimeinuliwa juu kuliko cha mabinti wa wakubwa. Huyo alipewa ngazi: njia moja imesimama, moja imelala, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Akauliza ni ngazi ya nini. Bi Vidole akamwambia ni ya kushukia.

“Kupanda utapanda tu, hilo naliona. Siku ukichoka kuwa juu, ukataka kukaa chini kidogo upumzike, ngazi unayo.”

Ndivyo walivyoishi. Wasichana walijuana kwa vidole. Aliyekuwa nyuma kwenye mstari wa asubuhi aligusa kisogo cha wa mbele yake akamtambua hata akiwa amefumba macho. Walimu hawakujua. Macho yanayotafuta makosa hayaoni kitu kingine.

Aliyeiponza kazi ile hakuwa mtoto wala matroni. Ni mikono ya Bi Vidole yenyewe. Mwalimu Mkuu alikuwa na safari ya mkutano wa wakuu wa shule, na msusi wake wa siku zote alikuwa amesafiri. Akaja mwenyewe kwenye kile chumba cha mbele, akakaa kwenye kiti kifupi, mkoba mapajani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule Redio alinyamaza. Alitaka njia nane, nyoofu, kama za watoto wake, ili huko aendako waone kwamba anayetoa amri naye anaitii. Muda wote wa kusukwa alizungumza habari za wakaguzi: wanakuja lini, walisema nini mwaka uliopita, walivyomwandika. Bi Vidole alikuwa anaitikia kwa sikio moja tu, eehe, eehe. Lakini vidole vilikuwa kazini, na vidole vilikutana na shingo ngumu kama mchi na mishipa ya kichwa inayodunda. Mikono iliyozoea kujibu kichwa ilijibu. Mwisho Bi Vidole akatazama kwenye kioo. Njia nane, zimenyooka. Akampaka mafuta, wakaagana vizuri.

Jioni, akifagia nywele sakafuni, alisimama ghafla na ufagio. Akaanza kusuka hewani, vidole vikirudia vilichofanya mchana.

“Redio, nimemsuka nini yule?”

“Njia nane. Mbona hivyo?”

“Nimemsuka mlango.”

Redio alicheka mpaka akakaa chini. Mwenzake hakucheka.

Mwalimu Mkuu aliuhisi mlango ule wa nywele akiwa garini, alipoegemeza kichwa. Alipapasa mkutano mzima. Siku aliyorudi alimwita mtoto wa kwanza aliyekatiza uwanjani, na kwa bahati yao mbaya wote alikuwa binti wa fundi baiskeli. Akamwinamia, akamwambia aguse kichwa cha Mwalimu wake aseme ni nini. Mtoto yule alifundishwa nyumbani kwao asidanganye mkubwa. Akagusa, akasema ni mlango, Mwalimu, Bibi huwasukia wanaoogopa. Akaulizwa na wengine wana nini. Akasema yote. Bi Vidole hakumlaumu hata siku moja, na mtu akijaribu kumlaumu mtoto huyo mbele yake, hata leo, anajuta.

Basi akaitwa ofisini. Alivaa gauni lake la kutokea, akapanda barabara na maneno yake ameyapanga, kwa kuwa kama ni kufukuzwa, alitaka afukuzwe akiwa amesimama. Ofisi ilikuwa na kioo juu ya meza, vikombe vya ushindi juu ya kabati, na pazia lililofungwa pande zote mbili sawasawa. Mwalimu Mkuu alifunga mlango mwenyewe.

“Mimi naogopa nini, Bi Vidole?”

“Sijui, Mwalimu. Shingo yako ndiyo inayojua.”

Yule mama aliinyoosha kalamu ambayo tayari ilikuwa imenyooka. Kwa kitambo kidogo Bi Vidole alimwonea huruma, na laiti mambo yangeishia pale, mtu na mtu wametazamana, labda kusingekuwa na la kusimulia. Lakini Mwalimu Mkuu akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoharibu kila kitu.

Alisema hana hasira hata kidogo. Alisema miaka yote amekuwa akiwaambia wakubwa wake kwamba nidhamu haiui kipaji, nidhamu ndiyo inayokizaa, na wao wakimcheka. Sasa ushahidi huu hapa, umeota kwenye vichwa vya watoto wake mwenyewe. Alisema kama si zile njia zake nane, Bi Vidole angekuwa msusi kama wasusi wengine wa barabarani. Alisema siku ya wazazi inakaribia, na atapandishwa jukwaani, asuke mbele ya watu wote. Na kwa kuwa shule inapanda, ameichagua ngazi. Wasichana wote watasukwa ngazi, kila kichwa, iwe alama ya shule. Kuanzia muhula ujao itaingia kwenye amri: njia nane, nyoofu, moja isimame, moja ilale. Hayo mengine, milango na kuta na vicheko, yaachwe, yasilete mchanganyiko.

Bi Vidole aliuliza jambo moja tu. Aliuliza kama mwenye ngazi ameambiwa. Akajibiwa kwamba mtoto huyo anapaswa kuona fahari.

Alitoka pale bila kusema neno, na wanaomjua wanajua kwamba akipayuka kuna nafuu, akinyamaza ujitafutie pa kukaa.

Nyumbani Redio alikuwa akimngoja na roho mkononi. Aliposikia kwamba hawakufukuzwa, bali wanakwenda kusifiwa mbele za watu, alipiga kigelegele kilichowatoa majirani. Akamtania kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, asije wifi yake akasifiwa akaanza kuwasuka wateja kama makuti. Bi Vidole akawa anavua viatu tu. Redio akaona mambo si mambo. Akavuta kiti, akakaa karibu.

“Lakini wifi, tuambiane ukweli. Si kweli alichosema? Bila ile amri yake, ungejua kusuka kwa kidole?”

Swali lile lilimchoma, kwa kuwa ndilo alilokuja akijiuliza kuanzia getini hadi mlangoni kwake.

“Nisingejua,” akasema. “Ningejua kingine. Jumamosi zote hizo, vichwa vyote hivyo, mikono yangu ikiwa bado na nguvu zake. Hicho kingine kiko wapi, Redio? Nani amekiona? Anayonisifia ni makombo, na sahani aliiondoa yeye.”

Redio hakuwa mtu wa kushindwa kwa sentensi moja. Alisema kila kitu kina mpaka. Alisema mashairi yana vina na mizani, tena makali, na bado yanawatoa watu machozi. Bi Vidole akamwambia mipaka anaijua. Kichwa chenyewe kina mpaka, masikio yapo, paji lipo, na hajawahi kugombana na sikio la mtu. Mtunga shairi alivipenda vina kwanza ndipo akavifuata, na hakuna anayekuja kumpima ubeti na kijiti siku ya Jumapili. Kinachomchoma, alisema, ni mtu anayejenga ukuta kwa woga wake, kisha akikuta mwenzake amejitafutia pumzi ndani ya ukuta, anakuja na kusema pumzi hiyo ni yake.

Hapo Redio akageukia riziki. Alimkumbusha kwamba akina mama wengi wanaokaa kwenye kochi lao waliletwa na mabinti zao wa shule. Akitukana pale juu, kochi litabaki na paka. Bi Vidole alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali. Alisema sawa, atakwenda, atasuka ngazi yao, atanyamaza. Na alimaanisha.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Jukwaani waliweka kiti chenye kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa akakaa binti wa fundi baiskeli, nywele zimefumuliwa, zimechanwa, zimesimama. Baba yake alikaa safu ya tatu na koti lililombana mabegani, mikono ameificha chini ya mapaja kwa ajili ya grisi isiyotoka kuchani. Mwalimu Mkuu alizungumza kwa muda mrefu. Alizungumza habari za nidhamu na matunda yake. Alisema mto bila kingo ni mafuriko. Kipaza sauti kilipiga mluzi kila alipolitaja neno sheria, na wazazi wakawa wanakunja nyuso hapo hapo kila mara.

Bi Vidole alikuwa nyuma ya mtoto, kitana mkononi. Aligawa njia ya kwanza. Akaanza kuisuka isimame. Mtoto akasema polepole, bila kugeuka:

“Bibi, hii si ngazi yangu?”

“Ilikuwa yako.”

Neno lile, ilikuwa, Bi Vidole alilisikia likitoka mdomoni mwake mwenyewe. Akaiacha njia katikati. Na wakati huo huo Mwalimu Mkuu alikuwa amemgeukia, amenyoosha kipaza sauti, anamwomba awaambie wazazi kwa maneno yake mwenyewe jinsi njia nane zilivyomsaidia.

Akakipokea. Alikishika kama anavyoshika chanuo.

“Ukimfunga mtu mguu mmoja,” akasema, “akajifunza kuruka kwa ule uliobaki, usisimame mbele za watu ukajiita mwalimu wa kuruka.”

Mtu wa nyuma alianza kucheka akamalizia kwa kukohoa. Bi Vidole hakumtazama.

“Mimi sikusaidiwa na njia nane. Nilizidanganya. Nilimdanganya Mwalimu, na matroni, na kijiti chake, kila Jumamosi, kwa ajili ya watoto hawa. Leo mmeukuta uongo wangu umependeza, mnataka kuuandika kwenye amri. Ngazi hii ina mwenyewe, huyu hapa amekaa. Tena si ya kupandia. Na mkishawapa wote, hakuna atakayekuwa na kitu kichwani. Watakuwa na mistari.”

Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono ili apewe kipaza sauti. Hakupewa kwanza. Bi Vidole alikuwa ameinama kwa mtoto, na aliyoyasema yalitoka kwenye spika zote bila yeye kukusudia. Alimwuliza, sasa wewe mwenyewe unataka nikusuke nini.

Mtoto alifikiri. Ukumbi mzima ulimwona akifikiri. Alitazama mikono yake, akamtazama baba yake, akarudi kutazama mikono.

“Sijui,” akasema.

Kama kuna kitu kilichomkasirisha Bi Vidole kuliko ofisi, kuliko tabasamu, kuliko hotuba, ni jibu lile. Mtoto mwenye kidevu cha namna ile, asiyemwogopa mtu, anaulizwa kuhusu kichwa chake mwenyewe, anasema hajui. Kwa kuwa nani aliwahi kumwuliza? Pasi alisema nane. Na Bi Vidole naye, pamoja na ufundi wake wote, alimpa ngazi tu, alivyoona yeye. Walikuwa wote wawili wamemshika kichwa, mmoja kwa nguvu na mmoja kwa upendo, na hakuna aliyefungua mdomo kuuliza.

Aliifumua mwenyewe ile njia moja aliyokuwa ameianza. Alivua kilemba chake, akamfunga mtoto nywele vizuri, fundo kisogoni, ili asishuke jukwaani timutimu mbele ya baba yake. Akarudisha kipaza sauti. Akapita katikati ya viti kichwa wazi, mvi zake nje, na fundi baiskeli akasimama kumpisha ingawa hakuwa njiani.

Jumatatu mlinzi wa geti aliambiwa asimruhusu tena. Mlinzi alikuja mwenyewe kumweleza, amesimama mlangoni anageuzageuza kofia, anaomba asichukiwe. Bi Vidole akamwambia achukiwe kwa lipi, yeye ni bawaba tu, mlango una wenyewe. Wateja wengine walipungua, kama Redio alivyotabiri. Wengine wapya walikuja kumtazama tu, wakashindwa kuondoka bila kusukwa.

Kisha siku moja Redio alichelewa kufika. Alipofika hakuwa na habari ya mtu yeyote, akawa anapanga vitana vilivyokwisha kupangwa. Bi Vidole akamwambia ateme. Akatema. Mwalimu Mkuu amemtumia ujumbe. Wanamtaka yeye, Redio, Jumamosi zote, akasuke ngazi kwenye vichwa vyote. Alisema bado hajajibu. Alisema yeye hana ujanja, mikono yake inajua kunyoosha tu, na labda ndiyo maana wanamtaka. Alisema akimkataza hatakwenda, kaka yake hakumwachia wifi ili amwuze.

Bi Vidole alikuwa anafumua kichwa cha mteja. Aliendelea mpaka akamaliza njia aliyokuwa nayo mkononi. Hasira haikuwa imeisha. Ilikuwa imekaa mahali pake, kama jiwe la kusagia. Alisema aende.

Redio hakuamini. Alianza kuuliza, akakatizwa.

“Nenda. Hakuna anayeacha riziki kwa hasira za wifi yake. Suka ngazi yao, nyoofu, kama wanavyotaka, usibadilishe hata moja. Mimi sitafuti tena tundu kwenye amri ya mtu, na wewe usinitafutie. Ila kabla kitana hakijagusa kichwa, muulize mtoto: ungeachiwa, ungetaka nini? Muulize na umngoje. Usimsaidie kujibu, najua mdomo wako. Akikuambia, unaniletea hapa, mtoto kwa mtoto, neno kwa neno, usipunguze. Siku shule inapofunga nitakuwa nje ya geti na kiti changu. Pale ni barabara ya watu wote. Anayejua anachotaka nitamfumua na kumsuka hicho, hata kama kitafumuliwa wakirudi.”

Redio aliyaweka maneno yale mahali pake. Kisha akauliza atafanyaje kwa wale watakaosema hawajui.

“Unawauliza tena Jumamosi ya pili. Na ya tatu. Hiyo ndiyo kazi ninayokupa, hiyo nyingine ni ya Pasi.” Alimgeuza mteja kichwa kuelekea kwenye mwanga, akachukua njia nyingine. “Anza na binti wa fundi baiskeli.”